Wavu wa bwawa ulioninasia swila: nyota 1, na sababu zake

Nashona nguo huu mwaka wa 26, kwa hiyo uzi naujua. Kuna uzi unaokatika ukiuvuta kidogo tu, na kuna uzi utakaokuchana kidole kabla haujakatika wenyewe. Wavu huu mweusi wa kufunikia bwawa umesukwa kwa uzi wa aina ya pili. Naupa nyota 1 kati ya 5, na hiyo moja ni kwa kuwa majani kweli hayaingii majini. Mengine yote yaliyoandikwa kwenye paketi yake nimeshuhudia yakienda kinyume.

Bwawa lenyewe liko nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka dirisha la chumba ninachoshonea. Urefu mita 3, upana 2, kina kinanipita goti. Ndani kuna samaki wa mapambo 12, yungiyungi, na vyura ambao hakuna aliyewakaribisha ila wanaimba kama wenye nyumba. Siku moja nafagia ukingoni nikaona kitu kimejikunja kati ya mawe mawili, nikadhani ni mfuko wa nailoni uliopeperushwa na upepo. Kumbe ni gamba la nyoka. Fundi ni fundi tu: badala ya kukimbia nikaleta futi yangu nikalipima. Sentimita 142. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba gamba hutanuka nyoka anapojivua, kwa hiyo mwenyewe huwa mfupi kuliko vazi aliloliacha. Lakini usiku ule sikulijua hilo, nikalala na sentimita zangu 142 kichwani, na mtu mwenye hofu ni mteja mwepesi sana.

Nikaagiza fungu zima, limeandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni la usalama wa bwawa. Ndani yake mlikuwa na wavu, kopo la unga wa kufukuza nyoka, vijiti viwili vya sola vya kuchomeka ardhini, koleo refu la kukamatia nyoka, na kijisanduku cha kunyonyea sumu. Nitavigusa vyote, lakini naanza na wavu, maana ndio ulioniletea nyoka mpaka mlangoni.

Kuutandaza hakukunipa shida, nisiwe mnyimi wa sifa. Dakika 20 nilikuwa nimemaliza. Ni mwepesi, haunuki, na jua halijaupausha mpaka leo. Tatizo la kwanza ni vigingi vya plastiki vya kuushikilia ukingoni: ukikutana na changarawe kimoja kinapinda, unakiacha, na hapo wavu unabaki umelegea umelala chini kama upindo wa gauni uliofumuka. Nikajisemea si neno, nitarudi kuushikiza. Sikurudi.

Wiki ya tatu, asubuhi, nafungua dirisha naona sehemu ile ile iliyolegea imejikusanya kama mtu ameifinyangafinyanga. Nikadhani paka. Nikatoka na ndala zangu na kikombe mkononi, na nilipobakisha kama hatua tano lile fungu likapumua. Sijui niseme vipi vingine. Lilifura, likashuka, likafura tena, kisha katikati ya nyuzi pakainuka kichwa na shingo ikapanuka kadiri wavu ulivyoruhusu, ambayo haikuwa sana. Chini ya shingo palikuwa na mkanda mweusi, na pembeni yake rangi ya waridi iliyochujuka. Swila. Kikombe sikumbuki nilikiweka wapi.

Kijana wangu wa mwisho alitoka na panga. Mzee jirani, aliyesikia kelele, alisimama ng'ambo ya ua akashauri maji yanayochemka. Nikamwambia, "Shikamoo, baba, lakini yuko juu ya samaki wangu." Akanyamaza, halafu akasema basi mafuta ya taa. Nawaeleza haya si kwa kuwacheka. Mimi mwenyewe dakika ile ningekubali lolote. Kilichonizuia ni kwamba panga lina urefu wa mkono, na swila hahitaji kukufikia ndipo akudhuru: hutema sumu mita 2 na zaidi, na analenga uso. Nyoka aliyenaswa hana njia ya kukimbia, kwa hiyo lililobaki kwake ni hilo tu. Nikampigia mtu wa kundi la kujitolea linalohamisha nyoka, namba niliyokuwa nimeibandika ukutani tangu siku ya lile gamba. Kwa hilo najipongeza.

"Mama, mnamwona?"

"Namwona, mwanangu. Amenasa kwenye wavu."

"Msimsogelee. Hatua kumi nyuma, watoto na mbwa ndani. Mtu mmoja abaki anamtazama kwa mbali, na huyo mmoja avae miwani yoyote, hata ya jua. Tena mama, ukimpoteza macho, usimtafute."

Nikavaa miwani yangu ya kushonea. Nilikaa dakika 40 nikimtazama mnyama akijinyonga, na hapo ndipo nilipouelewa wavu wenyewe kifundi. Macho ya wavu, yaani matundu kati ya nyuzi, yana upana wa kama milimita 18. Kichwa cha nyoka kinapita, na sehemu ya kwanza ya mwili inapita. Magamba ya nyoka yamelala kuelekea mkiani, kama manyoya ya kitambaa cha mahameli: ukipapasa upande mmoja ni laini, ukirudi upande wa pili yanakataa. Kwa hiyo nyoka akifika pale anapokuwa mnene zaidi, kwenda mbele hawezi, na kurudi nyuma kila uzi unaingia chini ya gamba. Anajaribu jicho la pili, la tatu, na kila jaribio linamfunga zaidi. Uzi ni mmoja mzima wa nailoni, haukusokotwa, hautanuki, haukatiki. Kama ningeombwa kubuni mtego wa nyoka ningeshona hivi hivi. Na kwenye paketi wameandika "salama kwa viumbe".

Hapo si kwamba nyoka alikuja kwa sababu ya wavu. Alikuja kwa vyura. Ila bila wavu angekula chura wake usiku akaenda zake, na mimi nisingejua kitu hata mwaka mzima. Wavu ulimfanya awepo asubuhi, akiwa na hasira, mahali ninapopita na ndala.

Yule kijana alipofika hakuwa na mbwembwe. Alikuwa na fimbo yenye kulabu butu, ndoo yenye mfuniko wa kufungwa kwa kuzungusha, mabomba matatu ya plastiki angavu ya upana tofauti, na miwani ya kufunika mpaka pembeni. Swila alimtemea mara moja tu. Sikuona kitu kikiruka, niliona tu kijana amesimama, halafu akageuza uso kidogo ili nione: matone mawili yanateremka polepole kwenye kioo cha miwani kama gundi iliyotiwa maji. "Ndiyo hayo, mama," akasema, kama mtu anayeonyesha mvua. Yakiingia jichoni, akanieleza huku akifuta, kazi ni moja, maji safi mengi, papo hapo, uoshe dakika 15 mpaka 20 bila kusugua, halafu hospitali. Si maziwa, si dawa ya kubuni.

Akamwelekezea bomba puani. Nyoka anapenda tundu, akaingia mwenyewe mpaka theluthi ya mwili, na kijana akashika bomba na mwili kwa pamoja, kichwa ndani, hawezi kugeuka. Kisha akatoa kisu chake cha kukunja, akajaribu uzi wa kwanza, kisu kikateleza.

"Mama, una mkasi mdogo?"

Jamani, mimi? Nikaleta ule wa kukatia nyuzi, wenye ncha iliyopinda, nikauweka chini na kuusogeza kwa rula yangu ya mita moja. Akaanza kukata, na nikaona anakata ovyo, anachukua uzi ulio karibu naye. Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Mwanangu, huo wa juu umelegea, hauna kazi. Ule wa chini ndio uliobeba. Kata wa chini." Akakata wa chini, na mafundo matatu yakafunguka kwa pamoja. Tukaenda hivyo: mimi natazama toka mbali na kusema ni upi, yeye anakata. Nilihesabu nyuzi 34. Za mwisho hazikuonekana kabisa, zilikuwa zimezama chini ya magamba, na alizitoa kwa kibano moja moja, na kila ikitoka inaacha mstari mwembamba mwekundu kuzunguka mwili. Sikutegemea kumwonea nyoka huruma. Nilimwonea.

Alikadiria urefu wake mita moja na kidogo tu. Akamtia ndooni aende kumwangalia majeraha kabla ya kumwachia mbali. Kisha, kabla hajaondoka, aliuchukua wavu wangu akaniambia nisukume kidole katikati ya jicho moja. Kidole kikapita mpaka pingili ya pili. "Kikipita kidole, nyoka ananasa, ndege ananasa, mjusi ananasa," akasema. Baadaye nikaja kujua kwamba hilo la kidole si lake peke yake. Kule Australia, jimbo la Victoria, tangu Septemba 2021 sheria inataka wavu wa kufunikia miti ya matunda nyumbani uwe na macho yasiyozidi milimita 5 kwa 5 ukivutwa kabisa, na watu huko hupima hivyo hivyo kwa kidole. Kipimo kisichohitaji hata futi! Muuzaji wangu angeweza kukichapa kwenye paketi badala ya lile neno "salama".

Sasa unga. Nyota 0 ningetoa kama inaruhusiwa. Ni mchanganyiko wa salfa na naftalini, yaani zile dawa za nondo tunazoweka kabatini, umesagwa. Maelekezo ni kuuzungushia bwawa mstari wa upana wa kiganja. Nilizungusha vizuri kama ninavyochora kwa chaki kwenye kitambaa, mstari mweupe wa manjano safi, hauna pengo. Siku ya pili asubuhi mstari wangu ulikuwa umekatwa na mchirizi uliopinda kidogo, unaingia upande wa mawe, unatoka upande wa ua. Yaani alipita juu yake kuja na alipita juu yake kurudi. Kwa kumtetea muuzaji niseme huenda mgeni huyo hakuwa na sumu, mchirizi haujiandiki jina. Lakini unga haukuahidi kufukuza wale wenye sumu peke yao.

Kibaya zaidi nilikigundua siku ya swila, wakati yule kijana ameinua kopo akasoma maandishi madogo ya nyuma, madogo kiasi kwamba mimi mwenye kutunga uzi kwenye sindano namba 9 nilihitaji mwanga wa dirishani. Usitumie karibu na maji. Sumu kwa samaki. Na hii imo ndani ya fungu la usalama wa bwawa! Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Nilifagia mstari wote na udongo wake wa juu, nikafunga kwenye mifuko miwili kabla tone la kwanza halijaanguka. Samaki wangu bado ni 12. Ninyi ambao mvua iliwahi kabla ya ufagio, poleni.

Vijiti vya sola sina mengi ya kusema. Vinatetemeka na kulia kila baada ya nusu dakika, kwa madai kwamba nyoka hupata mitetemo ya ardhi akakimbia. Ni kweli nyoka hana sikio la nje na mitetemo anaipata vizuri, lakini kitu kinachotetemeka vile vile usiku na mchana, bila kumdhuru, atakizoea kama mimi nilivyozoea cherehani ya jirani. Kimoja kilikufa mwezi wa pili. Cha pili kinafanya kazi, na juu yake hukaa chura.

Koleo ni jambo refu kidogo, kwa sababu lenyewe si bovu. Ni sentimita 120, alumini, mshiko wa mpira, ukibana mkono meno ya mbele yanafunga. Nimeliona limesifiwa na wengi na naelewa kwa nini: ukilishika unajiona shujaa. Hapo ndipo penye kasoro yake. Kijana wangu aliyekuwa na panga asubuhi ile, kesho yake nilimkuta anafanya mazoezi ya kubana mpira wa bustani kwa koleo, anaruka nyuma, anabana tena. Kabla ya koleo angempigia mtu simu. Akiwa na koleo angemfuata. Wapo wanaoumwa wakiwa katika kumuua nyoka au kumkamata, ambao wangempisha wasingeumwa. Halafu meno yenyewe ni membamba. Nilimuuliza yule bwana wa nyoka kwa nini yeye anatumia kulabu na si koleo, akanibana kidole kwa koleo langu, taratibu, kisha akaongeza. Nikapiga kelele. "Sasa fikiria ni mbavu," akasema, "na mwenye mbavu ana meno." Nyoka anayeumia hupigana zaidi. Kwa mtu aliyefundishwa naweza kuamini ni kifaa. Kwangu limekuwa la kuokotea vipande vya kitambaa vilivyoanguka nyuma ya meza ya kukatia, na kwa kazi hiyo nalipa nyota 5 kwa moyo mkunjufu.

Kile kijisanduku cha kunyonyea sumu sitaki kukipa nyota, nataka kitolewe sokoni. Kina pampu ndogo kama bomba la sindano, vikombe vya mpira, kamba ya kufunga juu ya jeraha, na wembe. Wembe! Sumu ikishaingia mwilini haikai pale ikikusubiri uifyonze, na pampu haitoi kiasi cha maana. Kuchanja kunaongeza jeraha na damu, na kamba iliyofungwa kwa nguvu inaweza kukufanya upoteze mguu ambao sumu peke yake isingeuchukua. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na walio wengi wanachohitaji ni kufika mapema mahali penye dawa ya kuzuia sumu. Kila dakika ya kuhangaika na pampu ni dakika ambayo hujaanza safari. Nimeandika kwenye karatasi ile ile ya ukutani: mtulize, asitembee, mguu au mkono ukae sawa bila kusogezwa, vua pete, bangili, saa na viatu kabla havijabana (kwangu mimi ongeza kastabini, huwa naisahau kidoleni mpaka jioni), usimpe dawa ya kubuni, ondoka. Nyoka usimfuate. Chini yake kuna namba ya hospitali ambayo nimeipigia na kuiuliza kabisa kama dawa hiyo wanayo. Ya karibu zaidi hawana. Ningejuaje kama nisingepiga?

Kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye fungu, ambacho nilikinunua kwa ajili ya umeme unapokatika, ndicho kilichonifaa kuliko vyote: tochi. Ninazo mbili, ya kuvaa kichwani na ya mkononi, na sikujua kwamba zinatofautiana kwa nyoka mpaka usiku mmoja, kama miezi miwili baada ya swila. Bomba la kuchujia maji lilikuwa linagugumia, nikatoka kulitazama na tochi ya kichwani. Mwanga wake unatoka pale pale macho yalipo, kwa hiyo unachokiona hakina kivuli, ardhi yote inakuwa bapa kama picha. Tena wadudu wote wanakuja usoni. Nikaivua kwa hasira ya wadudu, nikawasha ya mkononi nikiishika usawa wa kiuno, na mwanga ulipopita chini kwa chini, majani makavu yaliyokuwa pembeni ya bomba yakaota vivuli. Fungu moja la majani likawa na kivuli kinene kuliko mengine. Nikaangalia vizuri, na lile fungu lilikuwa na alama za pembe tatu, moja nyuma ya nyingine, zimepangwa kwa usawa ambao majani hayana. Kifutu. Mnene, mfupi, ametulia kama mto wa kukalia. Nilikuwa nimebakisha hatua mbili.

Huyo ni tofauti na swila kwa tabia. Swila akikusikia mara nyingi huondoka. Kifutu hutegemea rangi yake, hubaki pale pale mpaka ukanyage, na kuuma kwake ni kwa kasi ambayo jicho halifuati. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama. Hakufanya lolote. Mimi nilirudi kinyumenyume nikimulika, hatua kwa hatua, nikafunga mlango, nikapiga simu ile ile. "Mama, bwawa lako lina mambo," akasema. Alipofika hakumkuta, na hatukumtafuta, kwa kanuni yake mwenyewe. Basi tochi ya mkononi nyota 5, ya kichwani nyota 2 kwa kazi hii. Na buti ndefu za mpira sasa zinakaa mlangoni, kabla ya kuvaa napindua na kugonga.

Kwa kuwa kuna atakayeuliza nilichoweka badala ya wavu: nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea fremu mbili za chuma, juu yake wavu wa waya mgumu wenye macho ya milimita 6. Haulegei, haufinyangiki, nyoka akiugusa anateleza juu yake anaendelea na safari. Kasoro zipo. Ni nzito, kuinua ni watu wawili, na kona moja imeanza kutu. Mawe ya ukingoni yaliyokuwa na mapango kati yake nimeyaziba kwa saruji, nyasi nazikata ziwe fupi mita mbili kuzunguka, na chakula cha samaki nimekihamishia kwenye debe lenye mfuniko, kwa sababu kumbe nilikuwa nafuga panya pamoja na samaki, na panya wana wateja wao. Michirizi bado naiona mara moja moja kwenye mchanga. Inapita, haikai.

Vyura wamehama. Macho ya milimita 6 hawapiti, wakajaribu wiki mbili, wakaacha, isipokuwa yule wa kijiti. Usiku kumekuwa kimya mno. Cherehani ndiyo inayosikika sasa.

Muuzaji alinijibu baada ya kumtumia picha. Akaomba radhi kwa usumbufu, akasema tatizo ni mimi kutoukaza wavu vizuri, na akajitolea kunitumia mwingine wa bure, mpana zaidi. Kuhusu kulegea ana haki kiasi, nimekiri hapo juu. Lakini wavu ambao usalama wake unategemea vigingi vinavyopindwa na changarawe si salama, na kuukaza hakupunguzi macho yake. Nikamwomba asukume kidole kwenye bidhaa yake mwenyewe na anitumie picha. Bado nasubiri.

Na kama unao wavu huu na unataka kuutupa, usiutupe mzima. Jalalani utaendelea kunasa. Yule bwana aliniambia niukate vipande vidogo, kila jicho liwe limefunguka, na niliifanya kazi hiyo jioni mbili nikiwa nimekaa kwenye kigoda, kwa mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa vizito, ule ambao simruhusu mtu kukata nao hata karatasi. Sasa hautelezi tena kwenye suti. Ninao mezani hapa, kesho naupeleka kunolewa.